Leso: Asili ya Neno na Mgawanyiko wa Maana Zake

Mama wa Mombasa atajapo leso, hukusudia nguo mbili zilizo jozi, moja ya kujifunga kiunoni na ya pili ya kujitanda. Akilitamka neno hilo dukani Unguja au Dar es Salaam, huenda akapewa kitambaa cha kufutia kamasi, kwani huko nguo aitakayo huitwa kanga. Wapo walimu ambao kwa sababu hiyo humkosoa mwanafunzi wa Mombasa, wakidai kwamba anapotosha maana ya neno. Dai hilo linastahili kupimwa kwa mizani ya historia.

Leso limetokana na neno la Kireno lenço, kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498. Ngome yao ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilitekwa na Waomani 1698. Umbo la neno nalo lina ushahidi wake. Bandeira ya Kireno iliingia Kiswahili ikawa bendera, na n ikabaki, lenço ikaipoteza. Tofauti hii si ya bahati nasibu. Wingi wa ubao ni mbao, lakini wingi wa usemi ni semi: nazali hudumu mbele ya b na d, hutoweka mbele ya s. Neno geni lilitiwa katika kanuni ya wenyeji, nalo likatii.

Maana ndiyo yenye utata. Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuja katika jora, hazijakatwa moja moja. Walikata vipande vya leso tatu tatu, wakaviunga viwili kwa sindano, wakapata nguo moja ya leso sita. Baadaye wafanyabiashara walileta nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa, yenye pindo na mji, isiyohitaji mshono. Unguja nguo hiyo ilipata jina la kanga, ambalo wengi hulihusisha na madoadoa ya ndege kanga, na leso likabaki na kitambaa kidogo. Mombasa jina la malighafi liliendelea kuitwa nguo yenyewe.

Kwa hiyo maana ya Unguja ndiyo kongwe, na Wamombasa wanaojigamba kwamba yao ndiyo ya asili nao wamekosea. Lakini maana changa si maana potofu. Matumizi ya Mombasa yamehifadhi kumbukumbu ya namna nguo ilivyoundwa, jambo ambalo neno kanga haliwezi kulieleza. Kilichoipa maana moja cheo cha usanifu ni uamuzi wa mkutano wa 1928 ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mkutano ambao, ajabu, ulifanyika Mombasa. Kamusi iliyo kamili haina budi kuzitaja maana zote mbili, na kila moja ionyeshwe mahali pake.

Wanaolaumu leso hawailaumu doti, jina la jozi yenyewe. Kwa Wahindi hiyo ni nguo ya kiume ya kujifunga. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19 ilikuwa kipimo cha mikono minane ya kitambaa. Leo ni kanga mbili zilizoungana, zingali hazijakatwa.