Kamera ya kasi ni mtoto wa kiwanda

Zone Industrielle, yaani eneo la viwanda la Bujumbura, inajulikana kwa bia, sabuni na nguo. Kampuni ya Brarudi, iliyoanzishwa mwaka 1955, hujaza chupa za bia za Primus na Amstel. Kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China kwa jina la COTEBU leo kinaitwa Afritextile. Mtu akitaja utafiti wa shahada ya udaktari (PhD) katika mazingira hayo, tena utafiti wa kupiga picha vitu vinavyokwenda kasi kuliko jicho, ataambiwa amekosea mlango. Wengi wanaamini kwamba elimu hiyo ni ya maabara za Marekani, Ulaya na Ujapani, nasi tutaifikia baada ya kumaliza shida zetu nyingine zote. Historia haiungi mkono imani hiyo. Picha za kasi zilipata nguvu kutokana na swali la mashine ya kawaida, na eneo lenye mashine za kawaida lina haki kamili ya kuuliza maswali yake kwa kiwango cha udaktari.

Majaribio yalikuwepo kabla, na mengine yalikuwa ya ajabu. Mwaka 1851 huko London, William Henry Fox Talbot alibandika ukurasa wa gazeti kwenye gurudumu linalozunguka kwa kasi, akaupiga picha kwa mwanga wa cheche moja ya umeme. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya farasi huko California. Miaka michache baadaye Ernst Mach na Peter Salcher walipiga picha ya risasi ikipasua hewa. Lakini yote hayo yalibaki maonyesho ya wachache. Aliyeligeuza jambo hili kuwa kazi ya kila siku ni Harold Edgerton, kijana wa Nebraska aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya General Electric kabla ya kuingia chuo cha MIT. Somo la tasnifu yake, iliyompa udaktari mwaka 1931, lilikuwa mota: mota kubwa ya umeme huingiaje katika mwendo unaolingana na umeme unaoiendesha? Rota, sehemu yake inayozunguka, ilikwenda kasi mno, jicho likaona ukungu tu. Edgerton akaona kwamba taa ikimweka mara moja katika kila mzunguko, rota huonekana imesimama tuli ingawa haijapunguza mwendo hata kidogo. Mmweko ukicheleweshwa kidogo kila mara, mashine huonekana ikijongea polepole, na fundi anaweza kukagua jino lililokatika au mkanda unaoteleza bila kuzima chochote.

Katikati ya miaka ya 1930 kampuni ya General Radio ilikuwa ikiuza taa hiyo kama chombo cha kawaida cha fundi, na viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa waliokihitaji. Si vigumu kuelewa sababu. Katika kusokota nyuzi, vijiti vinavyozungusha uzi huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na kijiti kimoja kikienda polepole kuliko wenzake, uzi wake unatoka dhaifu. Fundi akimulika safu nzima kwa taa ya mmweko, vijiti vyenye mwendo sawa vinasimama machoni pake, na kile kibovu kinaendelea kuzunguka peke yake.

Kuna watakaosema kwamba nimechagua ushahidi unaonifaa, kwani mfadhili mkuu wa picha za kasi amekuwa vita. Pingamizi hilo lina uzito. Risasi ya Mach haikuwa bidhaa ya kiwandani, na kampuni ambayo Edgerton na wenzake Germeshausen na Grier waliianzisha mwaka 1947 ilihudumia majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Marekani. Hata hivyo, ukifuata tarehe utaona kwamba jeshi lilikuta ufundi umeshakomaa. Swali la mota lilitangulia swali la bomu kwa zaidi ya miaka 10. Fedha za vita zilikuza elimu hii sana, lakini hazikuizaa.

Pingamizi la pili ni la kisasa. Mwaka 2018 kundi la Lihong Wang wa chuo cha Caltech lilitangaza kamera inayoweza kufikia picha trilioni 10 kwa sekunde, inayofuata mwanga wenyewe ukisafiri. Bujumbura itashindanaje na hayo? Haina haja ya kushindana, kwa sababu kasi inayotakiwa hupimwa kwa kitu kinachotazamwa. Tuchukue mstari wa kujaza chupa unaopitisha chupa 36,000 kwa saa, yaani 10 kwa sekunde. Chupa zikifuatana kila baada ya sentimita 10, mkanda unakwenda mita moja kwa sekunde. Katika sehemu moja ya elfu ya sekunde chupa imeshasogea milimita moja, na ufa mwembamba ulio mdomoni mwake umefutika kwenye picha. Ili ukungu usizidi sehemu ya kumi ya milimita, mmweko udumu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, au chini ya hapo. Kwa elimu ya leo huo si mwendo wa kutisha. Ugumu uko kwingine: chupa zetu hurudi kiwandani kujazwa tena, zikiwa na mikwaruzo, matone ya maji na mabaki ya lebo. Je, kamera itatofautishaje mkwaruzo usio na madhara na ufa utakaopasuka mkononi mwa mnywaji? Swali hilo linaubeba utafiti wa miaka kadhaa, na mwenye chupa zilizochakaa kwa wingi ndiye mwenye data.

Lipo pia swali la nguo, na njia ya kulijibu tayari inatumika kwenye mbio za riadha. Warundi wanaukumbuka mwaka 1996, Vénuste Niyongabo aliposhinda mbio za mita 5,000 za Olimpiki huko Atlanta kwa dakika 13 na sekunde 7.96, mbele ya Paul Bitok wa Kenya kwa sekunde 0.20. Kamera ya mstari wa mwisho haipigi picha ya uwanja mzima: hutazama ukanda mwembamba tu juu ya mstari, ikiandika kipande baada ya kipande kadiri wakimbiaji wanavyopita. Njia hiyohiyo hukagua kitambaa kinachopita chini ya kamera, ikitafuta uzi uliokatika.

Waliobaki na shaka watasema kwamba mitambo huja na kamera zake kutoka nje, na kwamba umeme wenyewe unakatika. Kuhusu umeme, ni kweli maabara inahitaji umeme wa uhakika, ila mmweko wenyewe hula kidogo, kwa sababu nishati hukusanywa polepole kwenye kapasita na kutolewa kwa mara moja. Kuhusu vifaa vya kigeni, tazameni Tanzania. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund na Taasisi ya Afya Ifakara walirusha mwali wa leza umbali wa nusu kilomita kando ya kijiji, wakasoma mapigo ya mabawa ya wadudu kwa nyakati tano za usiku, nne za mchana na kupatwa kwa jua mara moja. Walipata kumbukumbu za wadudu wapatao theluthi moja ya milioni, wakaweza kutenga mbu dume na jike. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na wanasayansi wa Ifakara ni miongoni mwa waandishi. Leza ilitoka Sweden, swali lilitoka kwenye malaria ya Tanzania. Burundi, iliyotangaza janga la malaria Machi 2017, haina upungufu wa maswali ya namna hiyo.

Kwa hiyo ombi ni kwa pande mbili. Viwanda vya Zone Industrielle vimruhusu mwanafunzi wa fizikia asimame kando ya mkanda na taa yake, na vimpe chupa zilizokataliwa pamoja na vipande vya kitambaa vyenye kasoro. Chuo Kikuu cha Burundi nacho kikubali kwamba chupa iliyochakaa ni mada halali ya udaktari, kama MIT ilivyoikubali mota.