Farasi Aliyekufa na Farasi Asiyekunywa

Hapa kwetu Kamanyola, katika bonde la mto Ruzizi, twaona ng'ombe na mbuzi kila siku. Farasi hatumwoni. Lakini jina lake twalisikia katika mithali, na mara nyingi twazitumia mithali hizo bila kuzipima. Wazee wawili wanazungumza juu ya kijana asiyeonyeka. Mmoja asema, "Mwache, hiyo ni kazi ya kumpiga farasi aliyekufa." Wa pili aitikia, "Kweli, waweza kumpeleka farasi mtoni, huwezi kumlazimisha kunywa." Wadhani wamesema neno moja. Je, ndivyo?

Mithali hizi zimetoka Ulaya. Ile ya mtoni ni ya kale sana. Waingereza walikuwa nayo tangu karne ya 12. Kwao farasi alilima mashamba, alivuta magari, alibeba askari. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika yetu farasi hakudumu, kwa sababu ya mbung'o. Mwaka 1895 daktari David Bruce alionyesha, huko Zululand, ya kuwa inzi huyo huwapa wanyama vijidudu vya ugonjwa. Basi si ajabu Waswahili wengi wakiitaja mithali ya mtoni humtoa farasi, wakamweka punda. Huyo wamjua vema kwa mizigo na mateke yake.

Iko habari ya kweli juu ya farasi waliokufa, nayo yatuhusu sisi watu wa Ruzizi. Mwezi wa Machi 1871 Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja. Walipofika Kingaru, mbali bado na nusu ya safari, farasi yule wa Sultani akafa. Stanley akaamuru azikwe, hewa isiharibike. Mara mkuu wa kijiji akaja na watu wake: kwa nini mgeni azike mnyama katika nchi yake bila ruhusa? Akataka faini ya nguo za merikani. Stanley akajibu kwamba, kama ni hivyo, askari wake watamfukua farasi na kumwacha palepale alipoanguka. Ndipo mkuu yule akatuliza maneno: farasi amekwisha kufa, amekwisha kuzikwa, abaki alipo, nasi tupatane. Haikupita siku mbili, farasi wa pili akafa naye.

Farasi walikufa, lakini safari haikufa. Wapagazi walijitwika mizigo, askari wakaenda chini ya Bombay, jemadari wao, mpaka Ujiji. Halafu, katika Novemba 1871, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi mpaka kichwa cha ziwa Tanganyika, wapate kujua kama Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Wakaona kwa macho yao ya kuwa huingia. Wenyeji wa bonde hili walilijua jambo hilo tangu zamani.

Tazameni sasa tofauti. Farasi aliyekufa hana tena sikio la kusikia wala mguu wa kuinuka. Kumpiga ni kutwanga maji katika kinu. Mkuu wa Kingaru aliliona hilo akaacha ugomvi. Mambo yaliyokwisha, kama deni lililosamehewa au kesi ya mpaka iliyokatwa kwa haki, tuyaache kaburini. Lakini farasi asiyekunywa yu hai. Leo hana kiu. Kesho jua litamchoma, naye ataijua njia ya mtoni, kwa sababu kuna mtu aliyempeleka. Mithali hii yatukataza kulazimisha. Haitukatazi kupeleka.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Tulikuwa na mtoto katika mafundisho, hakujibu neno, akaitwa mkaidi. Tukasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," tukamweka nyuma ya wenzake. Kumbe sikio lake lilikuwa linaumwa kweli, na huko nyuma hakusikia kitu kabisa. Mama yake ndiye aliyetuambia, kwa upole, nasi tukaona haya. Tulimrudisha mbele, karibu nasi. Hakuwa wa kwanza wa darasa, lakini alijibu.

Basi, ndugu, kabla ya kumwambia mtu, "Ni farasi aliyekufa," tuiname kwanza tusikilize kama anapumua. Maana mithali ya wenye hekima, mvivu huweza kuifanya mto wa kulalia.