Gati la Magharibi, Brighton

Mabaki ya chuma unayoyaona baharini ni ya gati lililofunguliwa mwaka 1866. Halikujengwa kwa ajili ya mizigo. Lilijengwa ili watu watembee juu ya maji na kuvuta hewa ya bahari.

Brighton ulikuwa mji wa wavuvi. Mwaka 1750 daktari Richard Russell alichapisha kitabu kilichosifu maji ya bahari kuwa ni dawa, na matajiri wakaanza kuja kuoga na hata kuyanywa. Reli kutoka London ilipofika mwaka 1841, wafanyakazi wa kawaida nao wakaweza kuja na kurudi siku hiyohiyo.

Mhandisi Eugenius Birch ndiye aliyesanifu gati hili. Tazama nguzo zake: ni za chuma cha kusubu, na ncha zake zina meno ya parafujo. Zilizungushwa hadi zikazama na kushika sakafu ya bahari. Ukumbi wa muziki uliongezwa mwaka 1916.

Gati lilifungwa mwaka 1975 kwa sababu ya uchakavu. Mwaka 2003 liliungua mara mbili. Hata hivyo, mifupa yake ingali alama ya mji huu, na jioni za majira ya baridi makundi ya kwezi huonekana yakizunguka juu yake kabla ya kutua kulala.

Tafadhali usiogelee karibu na mabaki haya wala usiyapande. Chuma kimeliwa na kutu na kinaweza kuanguka wakati wowote.