Mkuki wa simba: mastaa wa Hanang wasiojulikana majina

Marekani mtu akienda porini anajiuliza abebe bastola gani, asije akakutana na dubu. Huku kwetu dubu hakuna. Ila pande za Endasak, chini ya Mlima Hanang, Wabarabaig walikuwa na kesi yao: simba anayetaka ng'ombe. Silaha yao? Mkuki.

Sasa wadau, mkuki hauna risasi ya pili. Ukishaurusha ukakosa, umebaki na fimbo. Kwa hiyo ishu haikuwa silaha tu, ilikuwa pia nani yuko pembeni yako.

Aliyefanikiwa alikuwa staa kweli. George Klima, aliyeandika kitabu kuhusu Wabarabaig mwaka 1970, anaeleza kwamba muuaji wa simba alivaa mapambo ya kike na kutunzwa kama mama aliyetoka kujifungua! Ndugu walimzawadia ng'ombe. Yaani aliyeokoa zizi aliheshimiwa kama aliyeleta mtoto.

Leo mambo yamebadilika. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakuruhusu kujitetea, lakini ukiua simba kutafuta sifa, hiyo ni kesi. Simba akila ng'ombe wako, unaomba kifuta jasho serikalini. Akiua mtu, familia inaomba kifuta machozi. Shida ni kwamba ng'ombe wa sifa alikuja na shangwe za ukoo mzima, fomu haiji na shangwe.

Ungekuwa wewe, ungeshika mkuki au ungekimbia? Funguka hapo chini.