Vihingo: Mvua za Masika na Amri za Serikali

Vihingo ni kata katika wilaya ya Kisarawe, upande unaoelekea Kibaha, na iko katika ukanda wa Pwani wenye misimu miwili ya mvua: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kwa mwaka hunyesha milimita 1,000 hivi, kwa hiyo nchi hii si kame. Shida yake ni tarehe. Mvua ya kwanza ya Machi hulowesha udongo wa juu tu. Ukichimba kina cha kiganja unakuta vumbi. Anayeharakisha kupanda mahindi huyaona yakichipua, kisha mvua inakatika, yananyauka, naye anarudi kutafuta mbegu nyingine.

Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, hawakusubiri mtaalamu awafundishe hatari hiyo. Mpunga waliupeleka bondeni, mihogo wakaiweka juu kwenye mchanga. Mwaka ukiharibika huku, watu huponea kule. Mvua ikigoma kabisa, wajumbe walifunga safari hadi Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua. Ni milima hiyohiyo inayouzaa Mto Ruvu.

Utaratibu huo ulivurugwa na serikali. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha mashamba ya pamoja ya pamba wilayani Dar es Salaam, wakidai siku 28 za kazi kwa mwaka. Kwa mkulima wa masika, kuitwa shamba la jumbe wakati udongo umelowa ni sawa na kunyang'anywa msimu. Malipo yalikuwa senti 35 hivi, na wengi waliyakataa. Vita vya Majimaji vya kuupinga utawala huo vilipofika Uzaramo mwaka 1905, Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wajerumani walimnyonga.

Waingereza nao walikuja na sheria ndogo za kuwalazimisha watu kupanda mihogo kama zao la akiba ya njaa. Kwa Mzaramo hilo halikuwa jipya. Kilichobadilika ni faini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Shule na zahanati zikasogea karibu, lakini kwa aliyehamishwa, shamba la bondeni lilikuwa sasa mwendo mrefu kutoka nyumbani. Palizi ikichelewa, msimu umekwenda.

Siku hizi masika yakikatika, watu wengi wa Kisarawe hugeukia mkaa, kwa kuwa soko la Dar es Salaam haliulizi mvua. Lakini kila tanuri hula miti, na ardhi iliyobaki tupu hukauka upesi.

Jiji lenyewe linalitegemea bonde la Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, Kibaha, na Oktoba 2022, kina cha mto kiliposhuka, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji. Mwezi uliofuata mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, lenye ujazo wa mita za ujazo milioni 190, ukatiwa saini.

Kidunda litalisaidia jiji. Mpunga na mahindi ya Vihingo bado yatategemea mvua. Mkulima wa huko anahitaji mbegu zinazokomaa mapema, utabiri unaomfikia kabla hajapanda, na uhuru wa kubaki na mashamba mawili. Hilo la mwisho alikuwa nalo kabla ya 1902.