Leseni ya Babu: Karatasi Moja na Wawindaji Wawili

Miongoni mwa karatasi chache zilizovuka bahari pamoja na jamaa zetu kutoka Tabora hadi Maskati, imo moja ambayo kwa miaka mingi tuliienzi kama nishani. Ni leseni ya kuwinda aliyopewa marehemu babu yetu mzaa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, na serikali ya Tanganyika katika miaka ya 1930. Juu yake limeandikwa jina lake na la baba yake, na chini zimepangwa aina za wanyama na idadi aliyoruhusiwa kuua. Nyuma mna nafasi ya kuandika kila mnyama aliyeanguka, tarehe yake na mahali pake. Watoto wa nyumba yetu wamekua wakiambiwa kwamba babu alikuwa mwindaji hodari wa pori la Ugalla, na ushahidi ni karatasi hiyo.

Nilikusudia kuandika sifa zake. Shangazi yangu, aliyezaliwa Tabora na aliye mkubwa wetu sasa, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Babu yako alikuwa na leseni. Mwindaji alikuwa mwingine.” Maneno hayo ndiyo yaliyonilazimisha kuianza habari hii upya.

Ruhusa ya kuwinda ni jambo kongwe kuliko karatasi. Huko Unyamwezi, kabla ya Mzungu yeyote kuketi bomani, tembo hakuuawa bila mtemi kupewa haki yake. Desturi iliyoenea ilikuwa kwamba pembe iliyogusa ardhi mnyama alipoanguka ilikuwa ya mwenye nchi, na ya pili ikabaki kwa mwindaji. Wawindaji wa tembo walikuwa na chama chao chenye miiko, dawa na mafunzo ya miaka. Watu wetu, Waarabu na Waswahili waliokuja na misafara kutoka pwani, aghalabu hawakuwa wawindaji. Walinunua pembe, walizidai kwa nguvu pale walipokuwa na nguvu, na wakazipeleka Unguja mabegani mwa wapagazi na, hatuna budi kusema, watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alijenga utajiri wake kwa biashara hiyo. Kila pembe iliyofika pwani ilitanguliwa na fundi wa porini ambaye jina lake halikuandikwa.

Karatasi zilikuja na ukoloni. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann akatoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: anayetaka kuwinda akate hati, na sehemu fulani za nchi, mojawapo karibu na mto Rufiji, zifungwe zisiwindwe kabisa. Mwezi Mei 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Ingawa mkataba huo haukupata kuanza kazi rasmi, fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni: kulinda majike na wachanga, kukataza pembe ndogo, na kupiga vita nyavu, mashimo na sumu. Waingereza walipoichukua Tanganyika waliunda idara ya wanyama mwaka 1919, na mwaka 1921 wakatunga sheria yao. Ofisa wa idara hiyo watu walimwita Bwana Nyama.

Basi kila mwaka, masika yalipokwisha, babu alikwenda bomani. Kwanza alionyesha kibali cha bunduki, kwani bila hicho hapakuwa na mazungumzo. Kisha alilipa ada, akapewa leseni ya mwaka mmoja ambayo hakuruhusiwa kumwazima mtu. Akipata pembe, alipaswa kuirudisha bomani ipimwe, ipigwe muhuri na kuandikwa daftarini. Hata pembe ya tembo aliyejifia porini haikuwa ya aliyeiokota. Ilikuwa mali ya serikali. Haki ya mtemi ilikuwa imehamia bomani.

Matayarisho ya safari shangazi anayakumbuka vizuri kuliko safari zenyewe. Walingoja nyasi zikauke na kuungua na maji yapungue, ili wanyama wakusanyike penye visima na kingo za mto. Nyumbani ulitwangwa unga, zikafungwa chumvi, tumbaku na kwinini. Babu alihesabu risasi moja moja juu ya mkeka. Alinoa kisu mwenyewe, kwa kuwa mnyama wa kuliwa alipaswa kuwahiwa na kuchinjwa kabla hajakata roho, na nyama ya tembo haikuingia nyumbani mwetu. Usiku wa kuondoka aliswali rakaa mbili.

Ng'ambo ya pili ya mji, mzee mmoja wa Kinyamwezi alikuwa na matayarisho yake. Alijitenga na mkewe, akaoga dawa, na watu wa nyumba yake nao wakashika miiko hadi atakaporudi, maana kosa la aliyebaki liliaminika kumdhuru aliye porini. Huyu ndiye aliyejua kusoma kinyesi, majani yaliyovunjika na upepo. Ndiye aliyemfundisha babu kulenga na, kwa ushahidi wa shangazi, mara nyingi ndiye aliyefyatua. Nyuma ya leseni kila mnyama aliandikwa kwa jina la mwenye karatasi.

Mwaka mmoja mzee huyo aliingia porini peke yake na gobori lake, akaua pofu kwa ajili ya nyumba yake iliyokuwa na njaa. Alikamatwa na kufungwa. Pori lilikuwa lile lile, na mkono ulikuwa ule ule uliowaangusha wanyama wa babu. Mmoja aliitwa mwindaji, mwingine jangili. Shangazi anasema babu alipeleka unga nyumbani kwa mzee muda wote wa kifungo, lakini bomani hakwenda kusema neno. Aliogopa kwamba akieleza nani hasa hufyatua, angenyang'anywa leseni yake.

Sisemi haya ili kuidharau sheria yenyewe. Wanyama walihitaji ulinzi, na sisi tunaoishi Oman tunalijua hilo kwa ushahidi wa karibu. Maha, yaani choroa mweupe, alitoweka katika jangwa letu mwaka 1972 kwa bunduki za watu waliomfukuza kwa magari, akarudishwa mwaka 1982 kwa juhudi kubwa, na Waharasi wenyewe, wenyeji wa jangwa hilo, wakafanywa walinzi wake. Hapo ndipo ninapouona upungufu wa sheria ya bomani. Iliwajali wanyama, lakini wenye kuwajua wanyama hao kuliko mtu yeyote iliwakuta porini ikawahesabu kuwa wahalifu, kwa kosa la kutokuwa na ada wala bunduki iliyokubalika. Watu wa nyumba kama yetu, waliokuwa na duka na fedha taslimu, walipita mlangoni.

Tanzania ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Hadi leo msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, na wageni wenye karatasi zao huongozwa porini na watu wanaojua kusoma nyayo.

Leseni ya babu bado tunayo, ndani ya bahasha ile ile. Nimeongeza karatasi ya pili kwa mkono wangu, na juu yake nimeandika jina la yule mzee kama shangazi anavyolitamka. Hapa silitaji, kwa kuwa wajukuu wake wapo Tabora na ruhusa ya kulitangaza ni yao. Nimewaandikia kuiomba.