Tathmini Isiyolipa Minazi

Mkutano ulitangazwa wa saa tatu asubuhi. Tulipofika na ramani zetu, madodoso na katoni mbili za maji ya kunywa, wanakijiji walikuwa wameshakaa chini ya mkungu, wengi kuliko tulivyozoea, na karibu kila mzee ameshika karatasi. Nikadhani ni maswali. Kumbe ni hesabu: minazi arobaini na miwili, miembe sita, kisima kimoja, kaburi la babu. Mzee mmoja akanikabidhi yake kwa mikono miwili. "Mwanangu, jina uliandike vizuri. Wale wa mwanzo walilikosea."

Mimi si mthamini wa ardhi. Ni mtaalamu elekezi wa mazingira, na siku ile nilifuata habari ya gati dogo la hoteli ambalo halikugusa shamba la mtu. Lakini mwenyekiti wa kijiji hakudanganya alipopita kutangaza kwamba wageni wanakuja kufanya tathmini.

Jina kamili la kazi yetu ni Tathmini ya Athari kwa Mazingira, au TAM. Ni uchunguzi unaotangulia mradi: nini kitaharibika, nani ataumia, nini kifanyike kupunguza madhara, au kama mradi uachwe kabisa. Kisheria ulianzia Marekani, kwa sheria ambayo Rais Richard Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Bila cheti cha TAM, bandari au hoteli kubwa ya ufukweni haianzi kihalali.

Basi tuyaangalie maneno. Tathmini ni ndugu wa thamani. Yote mawili yametoka kwenye Kiarabu, na ndani yake mna bei. Ofisini tumeishi na neno tathmini hadi bei imefutika masikioni mwetu. Kijijini haijafutika. Huko, kufanyiwa tathmini ni kujiwa na mtu mwenye utepe na kamera, akahesabu miti yako, akakupiga picha umesimama mbele ya nyumba, kisha ukaanza kungoja fidia, pengine miaka. Kwa hiyo kabla sijafungua mdomo, neno langu lilikuwa limeshaahidi fedha.

Wahenga wetu wa istilahi walibahatika zaidi walipotunga upembuzi yakinifu. Kupembua kila mtu anakujua: nafaka kwenye ungo, makapi yanaondoka. Bahati mbaya neno hilo limeshachukuliwa na wahandisi na mabenki.

Athari nayo ina mambo yake. Katika Kiarabu asili yake ni alama, unyayo uliobaki baada ya mpitaji. Kwetu limeegemea upande wa ubaya. Mwathirika si mtu aliyepata kazi. Dodoso linapouliza "mradi utakuwa na athari gani?", anayeuchukia hujaza ukurasa, na anayeutaka hujibu "hauna athari". Huyo wa pili hana maana kwamba hakuna kitakachobadilika. Ana maana kwamba anaukaribisha. Nimeona taarifa zikihesabu majibu hayo kuwa ushahidi wa kitaalamu, na naona aibu kusema mbili kati yake niliziandika mimi.

Halafu kuna kiungo. Wengi husema "athari za mazingira", na kwa miaka mingi nilikuwa nikilikata hilo kwa kalamu nyekundu, maana linayafanya mazingira yawe ndiyo mtendaji. "Kwa" huonyesha mkono unakoelekea. Ila pwani hunifanya nisite. Fukwe za Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, zimekuwa zikiliwa na bahari kwa miongo mingi, na sababu mojawapo inayotajwa ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea katika vijito vinavyoishia huko. Mchanga uliopaswa kulisha ufuo uligeuka tofali. Watu wakajibu kwa kuta za mawe zilizoingia majini; ukuta hukusanya mchanga upande mmoja na kumnyima jirani upande wa pili. Hapo nani anamwathiri nani? Bado nashikilia "kwa", kwa sababu bahari haiwezi kunyimwa cheti.

Wakenya wao husema leseni, na leseni hiyo huweza kufutwa. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira mjini Nairobi iliifuta ile ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, uliokusudiwa kujengwa Lamu, na hoja kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwetu, Kanuni za mwaka 2005 zinadai muhtasari usio wa kitaalamu uandikwe kwa Kiswahili pia. Huandikwa, kweli, mara nyingi usiku wa mwisho, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kijiji husika.

Chini ya mkungu ilinibidi nianze upya. Nikaiacha tathmini, nikaiacha athari. Nikasema: hoteli inataka gati pale, nimekuja kuuliza gati hilo litagusa nini. Karatasi zikakunjwa polepole, na baadhi ya wazee wakaondoka bila kuaga, sikuwalaumu.

Akabaki bibi mmoja mchokoa pweza, kijiti chake kimelazwa mapajani. Maji ya bamvua yalikuwa yanakupwa na alikuwa na haraka.

"Hilo gati lenu," akauliza, "ni la nguzo au la kujaza mawe?"

Nikafungua michoro. Ilikuwa ya kujaza mawe.

"Basi mchanga hautapita," akasema, akanyanyuka, akashika njia ya mwambani.